Mjane wa "Inaaminika"

Nilimchukia wifi yangu Penina miaka kumi na miwili, na sababu nilizokuwa nazo niliziona nzuri kabisa. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani natunga sifa za marehemu. Penina yupo, anapalilia kahawa hapo nyuma ya nyumba, na akijua namsimulia atanuna mpaka keshokutwa. Na anune. Mimi Elinaza nikianza kusema sinyamazi kwa ajili ya kununa kwa mtu.

Alikuja kwetu mwaka arobaini na moja, mke wa kaka yangu Nathanaeli. Nyumba yetu iko mteremkoni mwa Meru, juu ya Usa, katikati ya migomba. Alikuwa na miaka kumi na tisa, sanduku moja la bati, na tabia moja iliyonikera tangu siku ya kwanza: ukimwuliza kitu anafikiri kwanza. Sisi kwetu hatufikiri, tunajibu. Mimi nikiliona jambo nalisema, nisipoliona nalisema vilevile, na watu wamezoea. Nathanaeli alimpenda kwa huo utulivu wake, akisema amechoka kuishi na kengele za kanisa, yaani mimi na mama.

Mwaka uliofuata Nathanaeli akaingia Keya, jeshi la Mfalme. Lori liliwachukua mjini Arusha vijana wengi, Wameru kwa Waarusha, wakiimba. Hatukumwona tena. Barua zake mbili zilifika, halafu kimya, halafu mwaka arobaini na nne, masika yamekolea, tarishi wa jumbe akaleta bahasha ya Serikali.

Ilikuwa ya Kiingereza. Kaka yetu mkubwa, Bariki, akaibeba ndani ya shati, akashuka nayo kwa miguu hadi Boma ili karani amsomee. Alirudi jioni amelowa chapachapa, midomo inacheza, kumbe njia nzima alikuwa akirudia maneno ya karani asije akaangusha hata moja. Akasimama mlangoni akayatoa: "Amepotea baharini. Inaaminika amekufa." Mama akapiga yowe, na majirani wakaja.

Sasa lazima uwaelewe watu wa kwetu, maana hapa ndipo tulipojiponza wenyewe. Sisi ni Walutheri. Neno kuamini tunalitamka kila Jumapili, tumesimama wima, wazee wamevua kofia. Kwetu mtu akisema "nadhani", unamwambia akae chini, bado hajawa na neno. Akisema "najua", unaweza kubishana naye, maana leo mtu anajua na kesho anagundua alikosea. Lakini akisema "naamini", jamani! Hapo amemaliza. Watu wamekubali kufa kwa ajili ya neno hilo. Basi kama Serikali nzima ya Mfalme, yenye meli na ndege na makarani, inaamini kwamba Nathanaeli amekufa, sisi ni nani tuwe na shaka?

Tukaomboleza. Penina akanyolewa kichwa. Wanawake wakaleta maziwa na ndizi, Bariki akachinja beberu, na kwa kuwa mwili haukuwapo tukachimba shimo dogo mgombani tukazika shati lake la Jumapili. Mwinjilisti akaomba sala ndefu. Watu wakala, wakalia, wakaondoka, na mambo yakaonekana yamekwisha kama yanavyokwisha.

Mchungaji Elisaria alikuwa safarini wakati huo. Aliporudi akaja moja kwa moja kwetu, vumbi la njia bado liko viatuni. "Nani amewaambia Nathanaeli amekufa?"

"Serikali," akasema Bariki. "Inaamini."

Jibu lile halikumridhisha mchungaji. Kesho yake akashuka mwenyewe Boma, naye alijua Kiingereza kidogo, akakaa na karani asubuhi nzima. Akaja kutueleza taratibu, kama anayefundisha watoto wa kipaimara. "Serikali ikiwa na hakika, inaandika 'amekufa', basi. Ikiandika 'inaaminika', maana yake haijaona maiti wala haijapata shahidi. Inakisia. Inakisia sana, lakini inakisia."

"Inakisia!" Mama akasimama. Alichukua jembe, akaenda mgombani, akafukua lile shati, akalifua, akalianika uani mbele ya watu wote. Mzee mmoja jirani akauliza kama na nyama ya msiba tuirudishe. Mtu mwingine angecheka, lakini mama hakucheka, akamfukuza kwa jembe lilelile.

Na Penina je? Penina alibaki amesimama uani na kichwa chake kipya, kimenyolewa kwa ajili ya mtu ambaye sasa hajafa.

Mjane ana mahali pake. Wakati wa mavuno kanisa humpelekea watu wa kumsaidia, na siku zikipita anaweza kuolewa tena na hakuna atakayemnyooshea kidole. Mke wa askari naye ana mahali pake. Jumapili baada ya ibada wake wa Keya walikuwa wanakaa chini ya ukuta wa kanisa, wanasomeana barua, wanachekana. Penina hakuwa na barua ya kusoma, wala wajane hawakumwita. Alikwenda kwa baba yake kuomba arudi nyumbani, baba yake akamwambia, "Wewe ni mke wa watu, na mume wako hajafa kwa hakika. Nitakupokea kama nani?" Akarudi siku hiyohiyo, akashika jembe.

Kila jioni, chungu kikishaepuliwa, mama alimwuliza neno lilelile: "Penina, unadhani atarudi?"

Naye, baada ya kufikiri kwake, anajibu: "Huenda, mama."

Huenda! Neno hilo lilinichemsha damu. Mimi nilikuwa nasema, "Atarudi! Kwa nini asirudi? Kaka yangu anajua kuogelea!" Nathanaeli aliogelea wapi, hapa mlimani? Lakini nilisema. Huyu mkewe wa ndoa anashindwa hata kudanganya kwa nguvu. Nikajiambia, huyu hampendi, anahesabu siku.

Vita ikaisha. Mwaka arobaini na sita Ndesanjo akaanza kupita kwetu. Ndesanjo alikuwa mjane mwenye mabinti wawili wadogo, shamba lake la kahawa liko ng'ambo ya kijito chetu. Hakuwa mhuni. Alikuja kuomba miche, akaja kuirudisha miche mingine, akaja kuuliza kama paa letu halivuji. Siku moja niliwakuta kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, yeye anasimulia jinsi binti yake mdogo alivyomlisha kuku ugoro, na Penina anacheka. Anacheka mpaka anajifuta machozi! Sikuwahi kumwona akicheka tangu ile bahasha. Nikapita pale nikagonga ndoo kwa makusudi.

Alimtaka. Ngoja niseme kweli, maana wakati ule sikuisema: alimtaka Ndesanjo, na wale mabinti aliwataka, na kuondoka kwenye lile swali la kila jioni alikutaka kuliko vyote. Alikuwa na miaka ishirini na minne, hana mtoto, hana mume, hana kaburi.

Ndesanjo alifuata utaratibu. Akatuma mzee kwa mchungaji. Mchungaji Elisaria akamwita Penina na sisi wote wa nyumba, akasema, "Mimi siwezi kumfungisha ndoa mke wa mtu. Nileteeni shahidi mmoja, mmoja tu. Asimame mbele ya wazee wa kanisa aseme 'nina hakika', na aseme amejuaje. 'Nadhani' sitaki. 'Naamini' msiniletee kabisa, mmeshaniponza nayo."

Shahidi alikuwapo mmoja. Lesikar, Mwarusha wa Elerai kule ng'ambo ya mji, mtoto wa wafugaji, alikuwa kikosi kimoja na Nathanaeli, na meli ilipozama yeye aliokolewa. Alikuwa amerudi miezi mitatu iliyopita, hakuja kutuona. Bariki akampelekea salamu, salamu yenyewe ikiwa nusu matusi, ndipo akaja.

Namkumbuka hivi leo. Mrefu, amevaa koti la jeshi juu ya shuka, mkononi kibuyu cha maziwa alicholeta kwa heshima. Akamwamkia mama, "Shikamoo, mama." Akakataa kiti.

Mama akamwuliza mwanawe yuko wapi.

"Nadhani hatarudi, mama."

"Unadhani?"

"Nadhani."

"Ulimwona akifa?"

"Sikumwona."

Basi mama akafurahi! Uso ukanawiri kabisa. "Kusikia si kuona, na kudhani hata kusikia si kusikia," akasema, akammiminia chai yenye maziwa mengi kama mkwe. "Kunywa, mwanangu. Hujui. Hakuna anayejua." Lesikar alishika kikombe kile kwa mikono miwili mpaka kikapoa, akakiweka chini kimejaa, akaaga.

Mimi niliona mtu mwoga tu. Penina aliona kitu kingine. Siku ya soko iliyofuata alijitwika mkungu wa ndizi akasema anakwenda kuuza mjini. Alirudi giza linaingia, na mkungu uleule kichwani. Nikamwuliza, akasema bei ilikuwa mbaya. Bei mbaya! Mtu anatembea kwenda na kurudi na mkungu mzima kwa sababu ya bei? Nilimwambia mama palepale kwamba huyu alikuwa na Ndesanjo. Wiki mbili baadaye Lesikar akatuma neno kwa mchungaji kwamba atakuja kusema.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, ndani ya darasa la shule. Mchungaji na wazee wanne wa kanisa walikaa mbele. Bariki alikaa na rungu lake kati ya magoti. Mama alikuja ingawa hakuitwa, akakaa mbele kabisa, na nani angemtoa? Ndesanjo alikaa nyuma amevaa koti lililofuliwa mpaka likabana. Mimi nilisimama mlangoni, maana wanawake wasioitwa walikuwa wawili na mmoja alishachukua nafasi.

Lesikar akasimama. "Nina hakika," akasema, "Nathanaeli amekufa."

 Mchungaji akauliza kwa upole, "Umejuaje? Kwa mama yake ulisema hukumwona."

"Sikumwona. Nilimsikia."

"Ulimsikia?"

Hapo mama akainama mbele, akanyoosha mkono kama anayeomba apewe kitu. "Alisema nini?" akauliza. "Mwanangu alisema nini?"

Jasho lilikuwa linamtoka Lesikar na hali kulikuwa na baridi ya mlimani. Hakumtazama mama wala mchungaji, alimtazama Penina. "Nilikuwa mlangoni," akaanza.

"Mlango gani?" Bariki tayari amesimama. "We, mlango gani?"

Penina akainuka. Sijawahi kumwona akiinuka haraka namna ile, na kwa mara ya kwanza hakufikiri kabla ya kusema, au labda alikuwa ameshafikiri. "Baba mchungaji, mwacheni. Mtu huyu hajui kitu. Mimi nilikwenda kwake Elerai nikamwomba aje aseme hivi ili niolewe. Anasema uongo kwa ajili yangu."

Lesikar akafungua mdomo. Penina akamkatiza, "Shemeji, nenda nyumbani."

Loo! Unadhani nilinyamaza? Niliingia ndani mpaka katikati ya lile darasa, nikamwita mwongo, nikamwita mwuza watu, nikasema amemzika kaka yangu mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya koti la Ndesanjo. Maneno mengine siwezi kuyarudia. Wazee wa kanisa walitazama chini lakini hakuna aliyenizuia. Penina alisimama akayapokea yote, macho yako kwa mama, na mama alikuwa analia na kucheka pamoja, anasema, "Hajui, hajui, nilisema hajui."

Penina akatengwa na Meza ya Bwana mwaka mzima kwa kosa la kutengeneza shahidi wa uongo. Alikaa benchi la nyuma na walevi na wasichana waliopata mimba. Ndesanjo alikuja mara moja, wakasimama kijitoni wakaongea, sikusikia. Baada ya mwaka akaoa mwanamke wa Machame. Harusi ilipita njia yetu, na Penina alikuwa anamenya kahawa, na hakuinua kichwa.

Mwaka wa arobaini na tisa karatasi nyingine ya Serikali ikaja, ikisema sasa inachukuliwa kwamba Nathanaeli amekufa. Mama akauliza kama kuna aliyemwona. Hakuna. Akaiweka karatasi chini ya godoro, na jioni akamgeukia Penina, "Unadhani atarudi?"

"Huenda, mama."

Hivyo hivyo, jioni baada ya jioni. Nami niliolewa, nikaachika kwa sababu ya mdomo, nikarudi, tukawa tunalala chumba kimoja, na nikiamka usiku namwona macho yako wazi. Sikumwuliza. Nilikuwa nageukia ukutani.

Mama alikufa mwaka jana, hamsini na nane, mwezi wa Agosti, bado anangoja. Alikufa vizuri, usingizini. Siku ya nne baada ya maziko mimi na Penina tulikwenda kijitoni kufua mablanketi yake. Tulikuwa wawili tu. Penina akapiga sabuni, akasugua, halafu akasema, kama anayetaja bei ya chumvi, "Nathanaeli alikufa Jumamosi. Ilikuwa kama saa nane mchana."

Nikamtazama. "Nani kakwambia?"

Akaniambia yote. Kombora la Wajapani liliipiga meli ubavuni. Maji yakawa yanaingia vyumba vya chini, na afisa akaamuru milango ya chuma ifungwe ili meli isizame upesi na walioko juu wapate kuruka. Lesikar ndiye aliyekuwa karibu na mlango mmoja. Akaufunga, akazungusha gurudumu lake mpaka mwisho. Nathanaeli alikuwa upande wa pili. Lesikar alimtambua kwa sauti. Alishika lile gurudumu, afisa amesimama nyuma yake na bastola, mpaka sauti ikaisha.

"Ndiyo maana alikuwa anasema anadhani," Penina akasema. "Aliyejua ni yeye peke yake. Nilimwomba kule Elerai aseme mbele ya wazee, akakubali, ingawa alijua Bariki angeweza kumuua. Tulidhani atakuwa mchungaji na wazee tu. Halafu mama akauliza."

Na mimi nikauliza swali lilelile la mama. Sikuweza kujizuia. "Alisema nini?"

Penina akasugua blanketi kwanza. "Alisema, 'Lesikar, ni mimi. Fungua.' Alilisema mara nyingi. Sasa nimpe mama neno hilo alale nalo kila siku mpaka afe? Nilikuwa na dakika moja tu, wifi, ya kuchagua nani alale nalo."

Nililia pale kijitoni kama mtoto, ndani ya maji mpaka magotini. Nilimlilia kaka yangu, na nililia kwa sababu ya maneno niliyoyasema katika lile darasa, ambayo hayazoleki. Nilimwomba msamaha. Akasema alikwisha kunisamehe zamani, kwa kuwa nilisema nilichokiona. Hapo ndipo hasira yangu ikarudi, maana mimi hata toba yangu haikai muda mrefu. Nikamwambia, "Lakini mbona hukuniambia mimi? Baadaye? Miaka yote hii, tunalala chumba kimoja! Ningekutetea kanisani. Ndesanjo hakuwa ameoa bado. Ningekwenda kwa mchungaji faraghani na mambo yangekwisha, na mama asingejua kitu."

"Ningekuambia wewe, mama angejua kabla chungu hakijaepuliwa."

"Nisingesema!" Nilipiga kelele mpaka wanawake waliokuwa wakichota juu yetu wakageuka. "Nisingesema hata neno moja!"

Penina aliniangalia kwa muda, bila ubaya wowote, kama alivyomwangalia mama kila jioni.

"Una hakika, wifi?"

Nilifungua mdomo. Maji yalikuwa yanapita, na yeye alikuwa ananingoja kweli, anataka kujua. Nikashika ncha yangu ya blanketi, yeye akashika yake, tukaanza kukamua.